Watu Wanane wa Meli ya Haldis

Kwa siku tatu uvumi ule ulimganda Gudveig Lillevik kama harufu ya samaki kwenye sweta: unafua, unaanika, ukivaa bado ipo. Aliukuta dukani Jumanne jioni, akaukuta tena kwenye foleni ya posta, na jana Alhamisi dereva wa gari la kusukuma theluji alimsimulia yeye, askari, kana kwamba anampa habari mpya. Maneno yenyewe yalikuwa machache. Elen Utsi kaiba picha ya Haldis. Bibi kizee akamfuma. Elen akamsukuma ngazini. Na kila msimuliaji alimalizia kwa sauti ya chini, "Na bibi mwenyewe kamtaja."

Gudveig ndiye aliyekuwa mpelelezi pekee hapo Skarvnes, mji mdogo wa pwani kaskazini mwa Norwe, na faili la kesi lilikuwa lake. Lilikuwa jembamba. Jumatatu, saa tano kasorobo ya asubuhi, Aslaug Torheim, bibi wa miaka themanini na minne, alikutwa chini ya ngazi ya darini nyumbani kwake, nyonga imevunjika, mdomo umepinda upande mmoja kwa kiharusi. Kando yake albamu ya familia, imefunguka kwenye ukurasa ambao sasa ulikuwa kadibodi tupu. Hapo ndipo ilipokaa kwa zaidi ya miaka sabini picha ya Haldis, meli iliyonaswa na barafu ya ncha ya kaskazini majira ya baridi ya 1909 kuingia 1910. Hapakuwa na picha nyingine ya safari ile. Mlango haukuvunjwa. Mtu wa mwisho kuwamo mle ndani alikuwa Elen, msaidizi wa wazee wa halmashauri, aliyefika saa tatu kumwogesha bibi na kumpa uji, akaondoka saa nne.

Halmashauri ilikuwa imekwisha kumsimamisha kazi. Leo Ijumaa, saa tisa alasiri, mkuu wa huduma za wazee alitaka neno la polisi. Kama hakuna neno la kumsafisha, Elen anaandikiwa barua. Na ile nyumba ndogo anayoishi na binti yake ilikuwa ya halmashauri, kwa hiyo inakwenda pamoja na kazi.

"Mama! Glavu yangu moja siioni!"

Huyo ni Synne, binti wa Gudveig mwenyewe, wa miaka kumi, yuko mlangoni na buti moja mguuni. Ilikuwa Siku ya Jua. Baada ya miezi miwili ya giza, jua lilitazamiwa kuchungulia juu ya mlima saa sita mchana, na shule nzima ilikuwa inapanda kilimani kulisubiri, kisha wagawiwe maandazi yenye jemu.

"Tafuta vizuri."

"Wewe nitafutie! Tafuta, mama, tafuta! Glavu!"

Gudveig alisimama na chupa ya kahawa mkononi. Kwa Kinorwe, neno alilokuwa akilipigia kelele mtoto ni fupi sana: finn. Ukilisema kwa haraka, kama mtu aliyepotelewa na kitu, maana yake ni tafuta. Lakini kwenye pwani ile sauti hiyohiyo, finn, ndilo jina ambalo wazee waliwaita nalo Wasami, wenyeji wa asili wa kaskazini, na halikuwa jina la heshima. Na Elen Utsi alikuwa Msami.

"Hebu sema tena."

"Nini?"

"Ulivyosema sasa hivi."

"Tafuta glavu yangu. Mama, una nini wewe? Jua litatoka bila mimi."

Glavu ilikuwa nyuma ya jiko, imekauka na kukakamaa. Gudveig alimvisha, akamfunga skafu mara mbili, akamsindikiza kwa macho hadi kona ya barabara. Halafu akanyanyua simu akapiga hospitali.

"Bado hasemi kitu kingine," alisema muuguzi. "Finn, finn, kutwa nzima. Na ule mkono mzima unapapasa shuka, hivi, kama mtu aliyedondosha kifungo."

"Habari ya mkono hukuniambia."

"Mkono hukuuliza. Uliuliza maneno."

Gudveig aliandika: mkono. Akapiga mstari chini yake.

Ofisini aliifungua tena albamu. Mara hii hakuangalia kilichokosekana, aliangalia ukurasa ulivyotengenezwa. Ilikuwa albamu ya zamani yenye kurasa za kadibodi nene, kila ukurasa una dirisha lililokatwa, na picha inapenyezwa kutoka chini kupitia mwanya mwembamba. Alichukua rula. Dirisha lilikuwa na upana wa sentimita kumi na nne. Mfuko nyuma yake ulikuwa na kumi na saba, na alama ya vumbi ilionyesha picha iliujaza wote. Kwa maana hiyo, sentimita tatu za upande wa kushoto zilikuwa zimefichwa na kadibodi siku zote. Akageuza. Mwanya wa chini ulikuwa umegundishwa, gundi ya zamani sana, ya rangi ya chai. Na gundi hiyo ilikuwa imekatwa kwa wembe, polepole, bila kuchana hata unyuzi.

Aliyemsukuma bibi kizee na kukimbia hakati gundi hivyo.

Hata gazeti la mjini, lilipochapa picha ile miaka iliyopita, liliipiga ikiwa ndani ya dirisha, kwa sababu bibi Aslaug hakuruhusu itolewe. Basi palikuwa na mtu mmoja tu aliyeiona picha nzima: yule aliyekata gundi. Gudveig alivaa kofia. Siku nzima ile aliamua kuuliza swali moja: nielezee picha.

*

Magnhild Moe, jirani aliyemkuta bibi chini ya ngazi, alifungua mlango na unga mikononi.

"Ingia, funga, joto linatoka. Kahawa?"

"Nusu kikombe."

"Nusu kikombe ni ya watu wenye haraka au wenye hatia. Kaa."

Gudveig alikaa. Dirishani palikuwa na kinara cha shaba kimesuguliwa kinang'aa.

"Jumatatu uliniambia bibi alimtaja Elen."

"Hapana, mwenzangu. Nilikuambia alisema finn, halafu picha. Maana yake tuliijua wote wawili."

"Safari hii usinipe maana. Nipe sauti. Alisemaje?"

Magnhild alifuta mikono. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na alipenda kuigiza watu, lakini hapa hakuigiza. Alivuta pumzi. "Finn..." Akasita. "Finn... picha."

"Mkono ulikuwa wapi?"

"Kwenye zulia. Alikuwa anapapasa zulia." Magnhild akautazama mkono wake mwenyewe, ulikuwa tayari unapapasa kitambaa cha meza. "Ee Mungu wangu. Tafuta picha. Alikuwa ananituma niitafute."

"Ndivyo ninavyodhani."

"Na mimi nimesimama pale namwambia, tulia bibi, tumemjua, tumemjua!"

"Magnhild, neno hilo ulimwambia nani?"

"Wewe. Kwenye kiti hichohicho, ukaandika."

"Na nani mwingine?"

"Sikiliza, mimi nina ulimi mrefu, mji mzima unajua. Ndiyo maana ulinikataza kwa ukali, na mimi nikaogopa. Sikumwambia hata paka."

Gudveig aliandika hilo pia. Aliandika taratibu kuliko kawaida yake. Kisha akauliza swali lake, amwelezee picha kama anamweleza kipofu.

"Hata usingizini nitakueleza. Meli imelalia upande, barafu imeibana. Wanaume wanane mbele yake. Wa kushoto kabisa ana mbwa, wa kulia kabisa ameshika uzi wa kuvutia kamera. Wa katikati, mwenye kofia ya ngozi, ndiye Peder Torheim, baba yake Aslaug. Babu yangu Kornelius hayumo. Alikuwa amekwisha kufa kwa ugonjwa, Novemba, kabla ya picha. Walikuwa tisa, wakarudi wanane kwa miguu juu ya barafu, na Peder akaja mwenyewe kwa bibi yangu na saa ya babu ya mfukoni, akamwambia tarehe. Kumi na moja Novemba. Kila mwaka siku hiyo nawasha mshumaa hapo dirishani." Alikiangalia kinara. "Kahawa yako inapoa."

"Nitakunywa siku nyingine."

*

Nyumbani kwa Elen Utsi masanduku yalikuwa yamepangwa barazani. Elen alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mfupi, mikono imekaza kwa kuinua wazee.

"Umekuja kunikamata?"

"Hapana."

"Basi umekuja kunisaidia kufunga masanduku. Kamba ile pale."

"Elen, nielezee picha ya Haldis."

"Ya nini? Unataka kujua nimeiuza bila kuitazama?"

"Nielezee tu."

Elen alishusha sanduku. "Nimeifuta vumbi kila Jumatatu miaka minne. Wanaume wanane na mbwa mmoja. Bibi macho yake hayaoni tena vizuri, ananishika kidole, anakipitisha juu ya kila mmoja, ananiambia majina. Wanane. Ukitaka majina nitakupa."

"Asubuhi ile uliifuta?"

"Hapana. Bibi aliniambia albamu niiache, ataitaka mwenyewe kwa ajili ya Siku ya Jua. Niliosha vyombo, nikamchana nywele, nikaondoka."

"Vyombo gani?"

"Sahani ya uji. Na vikombe viwili vilivyokuwa kwenye sinki tangu Jumapili."

Kalamu ya Gudveig ilisimama. "Viwili?"

"Bibi hanywi kahawa na sukari. Kimoja kilikuwa na vipande vya sukari vimeganda chini. Alikuwa na mgeni."

"Kwa nini hukuniambia Jumanne?"

Elen alimtazama usoni. "Jumanne uliniuliza maswali mawili, Gudveig. Niliondoka saa ngapi. Na mkoba wangu una ukubwa gani."

Ndani ya nyumba mlango ulifunguka. Risten, binti wa Elen, alikuwa amesimama na soksi tu, siku ambayo kila mtoto wa mji alikuwa kilimani.

"Hukwenda kuona jua?" Gudveig aliuliza.

"Sitaki kwenda na Synne."

"Risten, nyamaza," mama yake alisema.

"Si anauliza! Synne ndiye alisema. Jumanne asubuhi, kabla mwalimu hajaingia. Alisema mbele ya wote kwamba mama yake kasema mezani, wakati wanakula, kwamba bibi Aslaug kamtaja Msami. Akasema, na mama yangu ni polisi, anajua."

Dukani ule uvumi ulifika Jumanne jioni. Shuleni ulikuwepo Jumanne asubuhi. Jumatatu jioni walikula chewa na viazi, mumewe Gudveig akauliza kazi ikoje, na Gudveig akajibu akiwa anamtolea mtoto miiba kwenye samaki.

Mpelelezi huandika anachosikia. Gudveig alifungua daftari akaandika, kwa herufi za kusomeka: Chanzo cha uvumi: G. Lillevik, jikoni kwake, Jumatatu jioni. Akamgeuzia Elen daftari asome.

Elen alisoma. Akachukua kamba, akaendelea kufunga sanduku.

"Saa tisa," alisema. "Hiyo si mbali."

*

Saa saba na nusu Gudveig aliingia makumbusho ya mji. Jua lilikuwa limekwisha kuchungulia na kurudi, lilikaa dakika nne tu, na barabarani watoto walikuwa wanashuka na midomo myekundu ya jemu. Hakumtazama yeyote usoni.

Torleif Torheim alikuwa juu ya kigoda, ananyoosha picha kubwa ya babu yake Peder ukutani. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu. Nusu ya mji ilijifunza kusoma kwake, Gudveig akiwemo, na maonyesho ya Haldis yalikuwa kazi yake ya miaka miwili. Bibi Aslaug alikuwa shangazi yake.

"Gudveig, binti yangu! Imeshaonekana?"

"Bado, Mwalimu. Watu wa bima wanataka maelezo. Nieleze mwenyewe, wewe unaijua kuliko sote."

"Kwanza kahawa." Alishuka, akamimina vikombe viwili. Cha kwake alikidondoshea vipande vitatu vya sukari, akaweka kingine shavuni, akanywa kupitia hicho kama wazee wa pwani. "Andika. Meli ya milingoti miwili, imeinamia kulia. Barafu imepanda hadi kwenye reli. Mbele yake mabaharia tisa katika mavazi ya majira ya baridi, vivuli virefu juu ya theluji..."

Gudveig aliandika. Aligeuza daftari juu ya meza, akaweka kidole.

"Tisa?"

"Wanane. Nimesema wanane."

"Umesema tisa, Mwalimu. Hesabu nilifundishwa na wewe."

"Nimejisahau. Safari ilikuwa na watu tisa, nimechanganya na..."

"Mji mzima unaiona picha kupitia dirisha la kadibodi, na mji mzima unasema wanane. Magnhild wanane. Elen wanane, tena kwa majina. Ukingo wa kushoto umefichwa, na gundi imekatwa kwa wembe na mtu mwenye mkono wa subira. Jumapili ulikunywa kahawa kwa shangazi yako. Sukari haikuyeyuka yote."

Torleif alitafuna kile kipande cha sukari mpaka kikaisha. Ilisikika.

"Kwani, afande, kunywa kahawa na shangazi siku hizi ni kosa?"

"Bado sijauliza kosa. Nimeuliza picha iko wapi."

Torleif akapanda kigoda tena, na yeye mwenyewe akaishusha ile picha kubwa ya babu yake, akailaza kifudifudi mezani, akaanza kung'oa misumari midogo ya nyuma mmoja mmoja kwa kucha. Katikati ya ubao na karatasi palikuwa na picha ya Haldis.

Gudveig hakuigusa. Aliinama.

Wanane walikuwa pale, na mbwa. Na kushoto kwao, katika zile sentimita tatu, alikuwepo mtu amekaa juu ya kasha, amefunikwa mablanketi mpaka kidevuni. Alikuwa amekonda. Alikuwa anacheka. Mkono mmoja ameuinua kujikinga macho na mwanga, na kivuli chake kimelala kirefu juu ya theluji kama vya wenzake.

Torleif aliigeuza. Nyuma, kwa penseli: Siku ya Jua, 27 Februari 1910. Sote tisa.

"Mwandiko wa babu," alisema.

"Kornelius Moe alikufa kumi na moja Novemba."

"Ndivyo babu alivyosema."

"Aliyekufa Novemba haangalii jua la Februari, Mwalimu."

"Nilijua nilipoiona. Waliiacha meli siku ya tatu ya Machi, wanane, kwa miguu. Yeye hakuweza kutembea." Alivua miwani. "Walimwacha akiwa hai. Babu akampelekea mkewe saa, na tarehe aliyojitungia, akarudi nyumbani akagundisha ukurasa."

"Shangazi yako alijua?"

"Hapana. Niliitaka picha nikaikuze kwa ajili ya maonyesho, akakataa kama siku zote. Alipopitiwa na usingizi kwenye kiti nikaitoa. Nilisema nitairudisha kesho yake kabla hajaamka. Kisha nikamwona huyu. Nikasema nitakata ukingo, basi, nani atajua? Mkasi ulikuwa mkononi usiku mzima. Sikuweza kukata, na kurudisha sikuweza."

"Na yeye Jumatatu akaifungua albamu, akapapasa dirisha tupu, akapanda darini kuitafuta."

"Ndiyo."

"Na wewe umesikia wanachosema juu ya Elen."

"Nimesikia."

"Ukasema nini?"

"Sikusema kitu. Mimi sikumshtaki mtu, Gudveig."

"Hapana. Uliwaacha wamshtaki."

Uso wa mwalimu ulipata rangi. "Na wewe? Unanihubiria hapa, na shuleni wanasema habari imetoka kwa polisi mwenyewe!"

Gudveig alirudisha nyuma kurasa mbili za daftari, akamsogezea. Torleif alisoma ule mstari mara moja, akausoma tena, akavaa miwani akausoma mara ya tatu.

"Utaliacha hili kwenye faili?"

"Litabaki. Na maneno yako yatakuwa chini yake." Aliangalia saa. "Ni saa nane na dakika ishirini. Simu ile pale. Unampigia mkuu wa huduma za wazee, unamweleza kwa kinywa chako nani alichukua picha na lini. Halafu mimi nitasema nami la kwangu."

"Na Magnhild?"

"Magnhild unakwenda kumwambia mwenyewe, leo. Nitakusindikiza mpaka mlangoni."

"Kila Novemba napita pale, naona mshumaa," alisema Torleif. "Nilikuwa nafurahi. Nilikuwa naona ni heshima kwa babu yangu." Alinyanyua simu. Ilibidi azungushe namba mara mbili, ya kwanza alikosea.

*

Kielelezo cha kesi huwekwa kwenye bahasha, kisha kwenye sefu. Gudveig aliipitisha picha kwanza hospitali. Muuguzi alimtazama akiitoa. Mkono wa bibi Aslaug ulikuwa bado unatembea juu ya shuka. Gudveig aliuweka juu ya picha. Kidole kilianza upande wa kulia, kikapita juu ya mmoja mmoja, wote wanane, kikafika kwenye ukingo uliofichwa na kadibodi siku zote, kikasimama hapo. Bibi hakusema finn tena.

Saa tisa na robo alikuwa barazani kwa Elen.

"Wamenipigia," Elen alisema. "Kazi nimerudishiwa. Jumatatu naanza."

"Nimekuja kuomba radhi."

"Nimeona ulivyoandika." Alikuwa anafungua fundo la sanduku alilofunga mwenyewe asubuhi, na lilikataa kufunguka. "Kazi wamenirudishia wao. Jina nani ananirudishia? Utapita nyumba kwa nyumba?"

"Dukani, kwanza. Ijumaa saa kumi linajaa."

"Utasema nini?"

"Kilichoandikwa."

Elen aliliacha fundo. "Bibi, je?"

"Amenyamaza. Mkono umetulia."

"Nitamchana nywele kesho," Elen alisema. "Wauguzi wanamchania upande usio wake." Akafunga mlango. Hakuubamiza, lakini hakusema karibu tena.

Dukani palikuwa na watu kumi na watatu. Gudveig alisubiri zamu yake kwenye foleni kama wengine, na alipofika mbele, badala ya kuagiza, akageuka akawaambia. Alisema picha imepatikana na Elen hakuigusa. Alisema bibi hakumtaja mtu, alikuwa anaomba picha itafutwe. Alisema neno lilitoka jikoni kwake, mdomoni mwake, na kama yupo anayetaka kulisimulia tena, alisimulie na jina la Gudveig Lillevik ndani yake. Dereva wa gari la theluji alitazama makopo ya samaki. Mwenye duka aliuliza kama anataka kitu.

"Maziwa," alisema Gudveig.

Nyumbani Synne alikuwa amemwekea andazi moja kwenye sahani, limebonyea upande, jemu imetoka. Alikuwa amekwisha kusikia; mji ni mdogo.

"Mama, niende nikamwombe Risten radhi?"

"Ukitaka, kesho. Mimi nimetangulia. Kosa lilianza kwangu."

Hakulila andazi. Alichukua karatasi, akaandika akiwa amesimama, akaibandika kwenye mlango wa jokofu, chini ya ratiba ya shule. Synne alisogea kusoma.

"Haya ni ya kwangu?"

"Ni ya kwangu. Wewe nisomee tu kila nikisahau."

Usilete faili la kazi kwenye meza ya chakula.

Usiseme "nimesikia" mbele ya mtoto.

Usiandike maana ya neno kabla hujaandika sauti yake.

Usiulize maneno ukaacha kuuliza mkono.

Usimuulize mtu ukubwa wa mkoba wake kabla hujamuuliza aliona nini.

Usinyamaze halafu ukasema hukumshtaki mtu.

Usikate ukingo wa picha, wala usiugundishe.

Usihesabu watu ukamwacha aliyekaa pembeni.